Mama Punguza Anunua Kitu cha Bure

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani aliitwa Mama Punguza, kwa kuwa neno hilo ndilo lililokuwa salamu yake. Ungemwambia "habari za asubuhi", angekuuliza kama hiyo ndiyo bei ya mwisho.

Kazi yake ilikuwa makochi. Aliyanunua yakiwa hoi kwa watu wanaohama, mumewe akayavua nguo na kuyavalisha kitambaa kipya, kisha yeye akayauza kwa watu wanaohamia. Mumewe alikuwa mtu wa misumari midomoni, kwa hiyo hakuwa msemaji. Mama Punguza alisema kwa niaba ya wote wawili, na ya jirani pia ikibidi. Iliwahi kutokea akamuuzia mtu kochi lake mwenyewe. Yule mtu akalikalia, akalitikisa, akasema, "Hili sasa ndilo kochi, si kama lile la takataka nililokuwa nalo." Mama Punguza hakumsahihisha. Mteja akifurahi unamfungia mzigo, humfungulii darasa.

Kompyuta aliipata kwa kubadilishana na kabati lisilo na mlango mmoja. Mwenye kompyuta aliondoka akicheka, na Mama Punguza naye alibaki akicheka. Nia yake ilikuwa aiuze wiki hiyo hiyo. Akaiwasha sebuleni ili wateja waone kuwa ni nzima, na ndani yake akakuta mchezo wa mbio za magari ambao mwenye nayo wa zamani hakuufuta. Akaujaribu kidogo, ili ajue anauza nini. Akaujaribu tena. Mteja wa kwanza alipokuja aliambiwa kompyuta ni mbovu, na wa pili aliambiwa hakuna kompyuta.

Aliendesha gari kama alivyofanya biashara. Alikaa nyuma ya mwenzake, akamwachia ajione mfalme, akasubiri kona ya mwisho, halafu akampita kwa ndani bila hata kumpigia honi.

Mwenzake huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kinyozi. Wateja walimwita Wembe. Hawakumwita hivyo kwa ajili ya kazi yake, walimwita hivyo kwa ajili ya ulimi wake. Alikuwa na chumba cha kunyolea mbele ya nyumba, kinachotazama barabara. Mume wa Mama Punguza alikuwa na karakana yake upande wa pili. Katikati ya vyumba hivyo viwili kulikuwa na cha tatu, kitupu tangu mpangaji wake ahame, na kile chumba ndicho kilichowaharibia watu hawa usingizi.

Mama Punguza alikitaka apange makochi yake. Hadi wakati huo yalikaa nje chini ya turubai lenye matundu, na kila mvua iliponyesha kochi moja lilianza kunuka kama mbwa. Wembe alikitaka kiwe mahali pa wateja wake kusubiria, kwa kuwa walikuwa wanasubiri wima na wengine wakichoka wanaondoka na ndevu zao. Nyumba ilikuwa ya mama yao, yaani mama mkwe wa Mama Punguza, bibi mfupi aliyekuwa anaona vibaya kwa mbali lakini alisikia hata kile ambacho hujakisema. Wote wawili walimwendea na kumbembeleza miezi mingi. Kila mmoja aliahidi zaidi ya mwenzake, na bibi akala ahadi zote pamoja na maembe yaliyokuja nazo, bila kuamua.

Jumapili moja, baada ya chakula, walipokuwa wanashindana kwenye kompyuta huku wakibishana juu ya chumba, bibi aligonga kikombe chake mezani.

"Nyie mnaongea sana. Si mna hayo magari yenu? Shindaneni. Mbio moja kila Jumapili. Wa kwanza kufikisha kumi, chumba chake. Mimi nataka kulala mchana."

"Sawa mama," akasema Wembe, "lakini nani ataweka hesabu? Hesabu za mdomo wa shemeji mimi sizitambui. Mwaka jana aliniuzia kiti cha miguu mitatu, akaniambia wa nne unakuja."

"Si ulikuja?" akasema Mama Punguza.

"Ulikuja mguu wa meza!"

"Mguu ni mguu, shemeji. Kiti kinasimama hakisimami?"

"Mashine si inaweka hesabu yenyewe?" akauliza bibi. Ni kweli, mchezo uliweka jedwali la msimu: PUNGUZA upande mmoja, WEMBE upande wa pili, na idadi ya ushindi. "Basi. Kitakachoonekana kwenye kioo ndicho. Cha mdomo hakipo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Jumapili baada ya Jumapili, hadi kioo kikasoma PUNGUZA tisa, WEMBE nane. Umebaki ushindi mmoja tu chumba kiende kwa makochi. Na hapo ndipo kompyuta ilipoanza vituko.

Kwanza ilileta tangazo kwamba mfumo wake, yaani ile programu kuu inayoiamsha mashine na kuiambia kipi ni kipi, umezeeka na hautahudumiwa tena. Inatakiwa kuhamia mfumo mpya. Mama Punguza akabonyeza kukubali. Mashine ikajikagua, ikafikiri, ikamjibu kwamba kompyuta hii haifai kupokea mfumo mpya. Hilo lilimuudhi. Yeye alikuwa amenunua makochi ambayo panya walizalia ndani, na hajawahi kumwambia mtu kochi lako halifai kabla hajaliinua upande mmoja akaangalia chini.

Kisha, katikati ya mbio ya Jumapili, akiwa amebakiza kona mbili na Wembe yuko mbele yake akijiona mfalme kama ilivyopangwa, kioo kikawa cheusi. Mashine ilikuwa imeamua kujizima na kujiwasha.

"Imekufa!" akapiga kelele Wembe. "Nilikuwa mbele!"

"Ulikuwa mbele ya nani? Mimi nilikuwa naja."

Bibi akasikiliza kelele mpaka zikaisha. "Mbio hii haipo," akasema. "Lakini mashine ni ya nani?"

"Ya shemeji," akasema Wembe haraka.

"Basi ikizima tena yenyewe katikati, ushindi ni wa Wembe. Mwenye punda ndiye anayejibu punda akilala njiani."

Wembe akamwekea shemeji yake mkono begani kwa huruma kubwa. "Nunua mashine mpya tu, shemeji. Kuna jamaa yangu anazo. Tutaanza msimu upya, moja kwa moja, bila kinyongo."

Tuanze msimu upya! Mama Punguza alitabasamu kama mtu aliyeonyeshwa kitanda chenye kunguni. Kutoka tisa hadi sifuri, na mashine ya jamaa juu yake. Akasema atafikiria, na kesho yake asubuhi akaenda kwa Nyaya.

Nyaya alikuwa fundi kompyuta mwenye kibanda mkabala na kituo cha mafuta. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa umeme, aliyeanza na redio za betri kabla ya wengine kuzaliwa, na alikuwa akikaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Mama Punguza aliliona lile kreti kabla hajamwona fundi.

"Karibu dada. Tatizo?"

Akamweleza. Nyaya akasikiliza huku akichomelea waya, na alipomaliza akasema, "Si lazima ununue mashine. Toa mfumo huo, weka Linux."

"Bei gani?"

"Bure."

 Kazi yote aliyoifanya Mama Punguza maishani haikuwahi kumtayarisha kwa jibu hilo.

"Bure kwa nani?"

"Kwa wote. Watu duniani wanautengeneza pamoja, wanautoa."

"Ni wa wizi?"

"Si wa wizi, dada."

"Una kasoro, basi. Umelowa mahali."

"Hauna kasoro ya hivyo. Tena upo wa aina nyingi. Kuna wa mashine zilizochoka, kuna wa maofisi, kuna uliotengenezwa maalumu kwa watu wa michezo. Ndani ni ule ule, nje ndiyo tofauti."

Hapo Mama Punguza akasogea karibu. "Unataka kuniambia mbao ni zile zile, vitambaa ndiyo vingi?"

Nyaya akaacha kuchomelea. "Sijawahi kumsikia mtu akiusema vizuri hivyo. Ndiyo. Mbao moja, vitambaa vingi."

"Na mchezo wangu? Ulishonwa kwa ajili ya mfumo ule wa zamani."

"Kuna programu ya kati, kama mkalimani. Mchezo unasema lugha yake, mkalimani anatafsiri, mfumo unaelewa. Michezo mingi inakubali. Michache ina kiburi, haikubali. Huo wako tutaujaribu."

"Basi nipunguzie."

"Dada, nimesema bure."

"Nimesikia. Nipunguzie usumbufu. Niongezee kitu. Mtu hawezi kuondoka dukani mikono mitupu kwa sababu tu bidhaa haina bei."

Walivutana kwa muda. Si rahisi kushusha bei ambayo haipo, lakini Mama Punguza hakuwa mtu wa kukata tamaa, na mwishowe Nyaya, kwa kuchoka tu, akampa flashi tatu, kila moja na aina yake ya mfumo na mkalimani ndani yake. "Hizi unachomeka, unawasha, mashine inaamka na mfumo uliomo kwenye flashi. Humo ndani ya kompyuta hakiguswi kitu. Unajaribu. Ukipenda mmoja, unaniambia, nakuwekea moja kwa moja."

Kujaribu bila kununua! Kama angeambiwa hilo mwanzo, wasingepoteza muda kwa maneno ya bure na watu duniani.

Akazipeleka nyumbani na kuzipima kama makochi. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno, ina rangi na madirisha yanayoyeyuka kama moshi, ila gari lilienda kwa hatua za msafara wa mazishi. "Kitambaa cha bei, springi zimekufa," akaamua. Ya pili ilikuwa nyepesi, mashine ikawaka kabla hajakaa vizuri, lakini ilikuwa na sura ya ukuta wa zahanati na ilikataa kabisa kuitambua pedi ya pili ya kuchezea.

"Si hiyo basi," mumewe akasema, misumari mdomoni. "Bila pedi ya pili utashindana na nani?"

"Si ndiyo raha yenyewe?" akasema Mama Punguza, lakini akaichomoa.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa ya watu wa michezo. Ilitambua pedi zote mbili, sauti ikatoka, kila kitu kikakaa mahali pake bila kuulizwa. Akairudisha kwa Nyaya pamoja na mashine, na Nyaya akamwekea humo humo kwenye flashi mchezo wenyewe na msimu wao kama ulivyokuwa, tisa kwa nane. Gari likapita kwenye lami kama kisu kwenye sifongo.

"Umeipenda?" akauliza Nyaya.

"Siyo mbaya," akasema Mama Punguza, na kwake hiyo ilikuwa sawa na kulia machozi ya furaha.

"Basi nikuwekee moja kwa moja leo. Maana kwenye flashi, ukizima, inasahau. Kila ukiwasha inaanzia pale nilipoishia mimi."

Alilisema hilo, waziwazi, kwa Kiswahili. Lakini Mama Punguza wakati huo alikuwa amepotelea kwenye jambo jingine. Hajawahi kuona muuzaji anayemharakisha ambaye hana cha kuficha. Tena ukishasema "nachukua", umekwisha, huna tena la kumtisha mwenzako. Bidhaa ya majaribio ina mlango wa kutokea.

"Usiharakishe biashara," akamwambia. "Niache niikalie kwanza."

Jumapili ikafika. Wembe akaingia, akaitazama sura mpya ya kioo, akaitazama flashi iliyochomekwa mbele ya mashine, taa yake ndogo ya kijani ikikonyeza.

"Ndiyo nini hii?"

"Mfumo mpya. Mambo ya wataalamu, shemeji, usijiumize kichwa."

Wakashindana. Mashine haikuzima. Haikukohoa hata. Ila Wembe siku hiyo aliendesha kama mtu anayefukuzwa na wake wawili, na kona ya mwisho aliifunga kabisa, Mama Punguza hakupata hata nafasi ya kupitisha baiskeli. PUNGUZA tisa, WEMBE tisa. Wembe akazunguka sebule akicheza, akambusu mama yake kichwani, akamwambia kaka yake aanze kuzoea harufu ya makochi mabichi.

Mama Punguza akazima mashine kwa uchungu. Kesho yake alipoiwasha ili afanye mazoezi, akaangalia jedwali, akasogeza miwani, akaangalia tena.

PUNGUZA tisa. WEMBE nane.

Hapo maneno ya Nyaya yakamrudia yote, moja moja, kama mteja aliyesahau mkoba. Ukizima, inasahau. Akakaa akiitazama ile flashi kwa mapenzi. Wembe angeweza kushinda hadi nywele zimuishe kichwani, na kila Jumatatu mashine ingeamka haina habari. Nyaya alipopita kumuuliza kama sasa ameamua, alimwambia bado anaikalia.

Jumapili iliyofuata Wembe alipoona jedwali alipandisha mori. "Mama! Jumapili iliyopita si nilishinda? Si uliniona?"

"Mimi sioni mbali," akasema bibi.

"Ulisikia!"

"Nilisikia kelele. Kioo kinasemaje?"

"Tisa kwa nane," akasema Mama Punguza, mpole kama mchungaji. "Kitakachoonekana kwenye kioo ndicho, shemeji. Si wewe uliyekataa hesabu za mdomo?"

Wembe akamtazama, akaitazama mashine, akaitazama taa ya kijani. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa mjinga, na hasira zake siku hiyo zilimharibia mbio. Alizunguka kona ya tatu akaingia ukutani, na Mama Punguza akapita polepole akimpungia mkono. Kumi! Kioo kikamwaga karatasi za rangi, muziki ukapigwa, maandishi yakasema msimu umekwisha na mshindi ni PUNGUZA. Mama Punguza akainuka na kunyoosha mkono kwa mama mkwe wake kudai ufunguo.

Bibi akaanza kupapasa mfukoni. Wembe akainuka pia, akampongeza shemeji yake kwa heshima zote, akatembea hadi ukutani.

"Mashine imechoka jamani," akasema, akabonyeza swichi. Tap. Kioo kikawa cheusi. Akabonyeza tena. "Hebu mama asomewe vizuri, isije ikawa maneno ya mdomo."

Mashine ikaamka ikiwa safi, haina habari. PUNGUZA tisa. WEMBE nane.

"Kitakachoonekana kwenye kioo," akasema Wembe, "ndicho. Au siyo, shemeji?"

Bibi akautoa mkono wake mfukoni, mtupu. Mume wa Mama Punguza akautazama msumari aliokuwa ameushika kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona. Na Mama Punguza, kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwenye nyumba hiyo, akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa chumba. Kilichomuuma ni kwamba shemeji amejuaje. Mtu hagundui jambo kama hilo kwa kutazama taa tu. Jibu alilipata kesho yake, alipofika kwa Nyaya na kumkuta shingo yake inang'aa, imepakwa poda, ndevu zimechongwa mpaka mtu angeweza kupigia mstari.

"Unanyolewa wapi, fundi?"

"Hapo kwa shemeji yako. Kila Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi iliyopita aliniuliza habari za flashi, nikamweleza vizuri. Mtu mwelewa sana."

 Kinyozi akishakuwekea wembe kooni, hata kama huna siri utaitunga. Mama Punguza hakumlaumu fundi. Alijilaumu yeye, kidogo tu, kwa kuuziwa mlango wa kutokea bila kukagua kama adui naye anaweza kupitia hapo hapo. Halafu akasema neno ambalo mumewe, angekuwepo, angemeza misumari:

"Nachukua. Weka moja kwa moja. Ule wa zamani futa wote, msimu wangu uweke salama humo ndani. Leo."

"Tisa kwa nane?"

"Tisa kwa nane. Mimi si mwizi."

"Sawa dada. Bure, kama nilivyosema."

"Hapana," akasema Mama Punguza. "Bure sitaki tena, imenitia hasara. Nitakulipa. Unakaa juu ya kreti. Mume wangu atakutengenezea kiti cha fundi, cha kuzunguka, sifongo mpya, mgongo mrefu. Lakini nina masharti."

Nyaya akaligusa lile kreti chini yake. Lilikuwa limemchapa mistari matakoni miaka mingi. "Masharti gani?"

"La kwanza, flashi yako ifute vilivyomo, ibaki ganda tu, na ganda hilo libaki limechomekwa pale pale. Taa yake itawaka?"

"Itawaka. Hata ikiwa tupu inawaka."

"Vizuri. La pili, hunyoi ndevu mpaka Jumatatu ijayo. Kwa kinyozi yeyote. Na kiti nakuletea siku hiyo hiyo ya Jumatatu, si kabla. Nikikuona na poda shingoni, kiti nakiuza."

Nyaya akajishika kidevu, akaona wiki nzima mbele yake. "Nitafanana na mkimbizi."

"Utafanana na mkimbizi aliyekaa vizuri."

Alhamisi Wembe alipeleka mtu kuuliza kulikoni fundi hajaonekana, akajibiwa ana vipele. Ijumaa fundi mwenyewe alipita upande wa pili wa barabara amejifunika shali mpaka puani, na Mama Punguza, aliyekuwa anaanika kochi, akajua mali yake iko salama.

Jumapili Wembe aliingia amechelewa, ameshika pakiti ya karanga. Kabla hajakaa aliinama, kama anayefunga kiatu, akaangalia mbele ya mashine. Flashi ipo. Taa ya kijani inakonyeza. Akakaa kwa raha zote, akaegemeza mgongo, na kile kiti cha mguu wa meza kikalia.

"Bado mnajaribu tu huo mfumo wenu?"

"Bado tunaukalia, shemeji. Sisi hatuna haraka."

"Kweli kabisa. Haraka ya nini."

Mbio zikaanza, na mtu yeyote angeona kwamba Wembe hashindani. Aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukipeleka karanga mdomoni. Kwa nini ajisumbue? Akishinda, mashine itasahau tu ikizimwa. Akishindwa, swichi iko hatua mbili kutoka alipokaa. Alikwenda mbele kidogo kwa mazoea, kisha kona ya mwisho akamfungulia shemeji yake njia kabisa, tena kwa kumwinamia kama mhudumu wa hoteli, kwa sababu alitaka ile raha ya swichi kuliko alivyotaka ushindi. Mama Punguza akapita. Hakushangilia. Alikuwa akichomoa uzi kwenye mkono wa kochi.

Karatasi za rangi, muziki, kumi.

"Kumekuwaje?" akauliza bibi.

"Subiri kidogo mama," akasema Wembe, tayari ameshainuka. "Tuipumzishe kwanza." Tap. Giza kwenye kioo. Akasimama pale ukutani akitafuna, akiwatazama mmoja mmoja, akiila ile dakika kama karanga.

"Washa basi," akasema Mama Punguza.

Akawasha. Mashine ikaamka. Jedwali likaja.

PUNGUZA kumi. WEMBE nane. Je, ungependa kuanza msimu mpya?

Wembe akaacha kutafuna. Akazima tena, akawasha tena. Kumi. Akaja mbio, akaichomoa ile flashi kwa nguvu, akaitikisa hewani kama kipimajoto. Kioo hakikutikisika. Kumi.

"Hii ni nini sasa?"

"Ganda," akasema Mama Punguza.

"Shemeji, umeniibia!"

"Nimekuibia nini? Mikono ulikuwa nayo miwili, ukaendesha kwa mmoja. Huo wa pili nilikushikia mimi?"

"Umeniambia bado mnaukalia!"

"Na sasa hivi tumekaa wapi? Tumesimama?"

"Mama! Umesikia?"

"Nimesikia," akasema bibi. "Nilikusikia pia unatafuna karanga kwenye kona ya mwisho. Nilisema kitakachoonekana kwenye kioo ndiyo nini?"

 Halafu mume wa Mama Punguza, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu chakula, akatema misumari yake kiganjani.

"Ndicho," akasema, akairudisha.

Bibi akatoa ufunguo mfukoni. Kabla hajauachia aliushika kidogo. "Na hizi Jumapili zinaendelea," akasema. "Msione nimetoa ufunguo mkadhani nimetoa na chakula."

Jumatatu kiti cha Nyaya kilifika, kikazunguka, kikakubaliwa. Nyaya akakikalia nusu saa nzima bila kugusa kazi, halafu akavuka barabara akanyolewe. Wembe alimnyoa kimyakimya, upande mmoja baada ya mwingine, na wanasema ndiyo ilikuwa mara pekee mtu kutoka kwenye kile kiti bila kuulizwa lolote.

Makochi yakaingia chumba cha katikati, yakapangwa yakitazama barabara. Yalipendeza, lakini yalikuwa na tatizo ambalo Mama Punguza alilijua tangu mwanzo: kochi lisilokaliwa na mtu linafanana na kochi la mtu aliyefariki. Lilihitaji makalio. Makalio ya watu wenye muda, wanaosubiri kitu, siku nzima, bila kulipwa. Na makalio ya namna hiyo yalikuwa chumba cha pili, yamesimama.

 Mama Punguza alisubiri kona ya mwisho. Siku ya tatu Wembe akaja mlangoni, akaegemea, akajikuna kichwa.

"Shemeji. Nilikuwa nawaza. Wateja wangu wakikaa humu wakati wanasubiri, utakataa?"

Mama Punguza akakunja uso kama aliyeombwa figo. Akasema watachafua vitambaa. Akasema wana nywele mabegani. Akasema itabidi amuulize mume wake, na mume wake, aliyekuwa palepale akishona, akaendelea kushona.

"Nitawapiga brashi kwanza," akasema Wembe. "Na kaka nitamnyoa. Kila wiki. Bure."

Mama Punguza akainua macho polepole.

"Bure kwa nani?" akauliza.